Mtoto Mchanga Asiyepata Choo



Jina la Msimbazi mnalijua. Hata asiyewahi kufika Dar es Salaam amelisikia redioni siku ya mpira, mtangazaji anapowaita Simba "Wekundu wa Msimbazi". Msimbazi ni mtaa wa Kariakoo, na klabu ya Simba ina jengo lake hapo. Msimbazi pia ni mto. Mto huo tutautaja baadaye, maana utatusaidia kueleza jambo.

Tulifika mtaani hapo kununua karatasi za gazeti hili. Jua lilikuwa kali. Tukakaa barazani kwa mama mmoja anayeuza chai na vitumbua. Mara akatoka ndani mama kijana, amebeba mtoto wa kiume mgongoni. Mkononi alikuwa na beseni la vitambaa vilivyofuliwa. Vilikuwa vidogo vidogo, vimekatwa sawasawa, zaidi ya ishirini. Akaanza kuvianika kwenye kamba, kimoja kimoja. Tukamtania, tukamwuliza kama anafungua duka la leso.

Akasema, "Hapana, kaka zangu. Hivi ni vya choo cha mwanangu. Yeye choo anapatia hapa."

Akamteremsha mtoto, akafunua shati lake. Upande wa kushoto wa tumbo palikuwa na kitundu chekundu, chenye majimaji, kama mdomo mdogo. Mtoto mwenyewe alikuwa anacheka.

Utani wetu ukaisha. Tukamwomba atueleze. Mama huyu anatoka kijiji kimoja cha Rufiji, na hapo Msimbazi amefikia kwa shangazi yake, ndiye huyo muuza vitumbua. Alikubali tuyaandike haya, ila tusitaje jina lake wala la kijiji. Tumemwahidi.

Labda msomaji mwingine atasema, "Jamani, gazeti zima linazungumza choo!" Ndiyo, tunazungumza choo. Mwaka 1973 wazazi wetu walikusanyika kwenye vikundi kusikiliza redio, katika kampeni ya Mtu ni Afya. Walizungumza choo mchana kweupe, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Hawakuona haya, na sisi tusione.

ALIYOYAPATA MAMA HUYU

Mtoto alizaliwa nyumbani usiku. Bibi yake, mama wa baba, ndiye aliyempokea. Alilia vizuri, akanyonya, watu wakafurahi.

Siku ya kwanza hakupata choo. Siku ya pili pia. Bibi akasema, "Ni mchango huo, mwanangu. Watoto wote wanaanza hivyo." Akachemsha mizizi, mtoto akanyweshwa kwa kijiko.

Siku ya tatu tumbo likavimba, likawa gumu kama ngoma. Mtoto akaanza kutapika. Kwanza alitapika maziwa. Baadaye matapishi yakawa ya kijani, kama maji ya mboga zilizotwangwa. Wakampeleka zahanati. Mhudumu alilishika tumbo juu ya nguo, akawapa dawa ya maji ya chupa. Watu wakarudi nyumbani.

Siku ya nne akaja jirani, mama mtu mzima, kumpa mzazi hongera. Yeye ndiye aliyesema, "Hebu mfungueni mtoto tumwone." Wakamfungua nepi, wakamgeuza. Pale panapotakiwa kuwa na tundu la haja kubwa hapakuwa na tundu. Palikuwa na ngozi tu, imebonyea kidogo.

Siku nne nzima mtoto alikuwa anaogeshwa, anafungwa nepi, anabebwa, anashikwa na watu kumi. Kumbe hakuna aliyetazama. Bibi aliona pale palipobonyea akadhani ndilo tundu lenyewe. Hatumlaumu. Ni mambo ambayo wengi wetu hatujapata kuyaona.

Walipanda bodaboda hadi kituo cha afya. Kituo kikawapa gari hadi Dar es Salaam. Walifika Muhimbili siku ya tano. Hospitali hiyo ya taifa iko Upanga, kilomita chache tu kutoka Kariakoo. Ilifunguliwa mwaka 1956 kwa jina la Princess Margaret, ndugu wa malkia wa Uingereza. Siku hizi ndiyo hospitali kubwa kuliko zote nchini. Mtoto alitiwa dripu. Akapitishiwa mpira mwembamba puani hadi tumboni, ili uchafu utoke. Kisha akapasuliwa.

CHAKULA KINAPITA WAPI?

Sasa tuutaje ule mto. Mto Msimbazi unatoka upande wa vilima vya Pugu. Unapita Vingunguti na Kigogo, unafika Jangwani, halafu unaingia baharini karibu na Daraja la Selander. Maji yakipata njia, hakuna shida. Lakini njia ikiziba au ikiwa nyembamba, maji yanarudi nyuma na kuwafuata watu majumbani. Desemba 2011 mafuriko ya bonde hilo yaliua watu. Wengine wengi walihamishwa, wakapelekwa Mabwepande.

Tumbo la mtoto liko hivyo hivyo. Kutoka mdomoni hadi kwenye tundu la haja ni njia moja ndefu. Chakula kinapita kooni. Kinashuka kwenye bomba laini liitwalo umio, kinaingia katika mfuko wa tumbo. Kutoka hapo kinapita utumbo mwembamba ambao ni mrefu sana, halafu utumbo mpana, kisha nje. Mtoto akiwa bado tumboni mwa mama, utumbo wake umeshajaa uchafu mweusi wa kijani, unaonata kama lami. Hicho ndicho choo cha kwanza. Watoto wengi sana waliotimiza miezi yao hukitoa kabla ya saa 24 kwisha tangu kuzaliwa.

Kama njia imeziba, uchafu haupati pa kwenda. Maziwa yanaingia juu, chini hayatoki. Hewa nayo inajaa. Tumbo linavimba. Mwishowe vyote vinarudi juu, na nyongo inavitia rangi ya kijani. Utumbo uliojaa namna hiyo unaweza kupasuka ndani, na sumu ikaenea mwili mzima.

Basi, ule ukijani wa matapishi ni alama kubwa. Mtoto mchanga akicheua maziwa meupe, hilo ni jambo la kila siku. Akitapika kijani, hilo si jambo la kusubiri asubuhi.

NANI AMESABABISHA?

Mama huyu alituambia kwamba kilichomwumiza zaidi ya yote si safari wala njaa, ni maneno. Huku wanasema alivunja mwiko wa mimba. Kule wanasema amerogwa. Mwingine alimnong'oneza mumewe kwamba mkewe alitembea nje, ndiyo maana mtoto ametoka hivi. Mume akakaa wiki tatu bila kuja hospitali wala kupiga simu.

Tueleze ukweli wa jambo hili polepole, maana limevunja nyumba nyingi.

Mtoto anaumbwa mapema mno. Katika wiki ya nne na ya tano ya mimba, bomba la chakula na bomba la hewa, ambayo mwanzo ni kitu kimoja, yanaanza kutengana. Kufika wiki ya nane hivi, sehemu ya chini imegawanyika, njia ya mkojo mbali, njia ya choo mbali, na tundu la haja linafunguka. Wakati huo mtoto ni mdogo kuliko kidole gumba chako. Akina mama wengi wakati huo ndiyo kwanza wanaanza kujiuliza kama wana mimba.

Katika kazi hiyo ndogo na ya haraka, mara chache hatua moja inakosea. Njia haifunguki, au haiungani. Mara nyingi hata madaktari bingwa hawawezi kutaja sababu. Lakini wanajua kwamba si uzinzi, si yai alilokula mama, si mama mkwe. Wazungu wanapata watoto hawa, Wahindi wanapata, Waarabu wanapata. Matajiri wanapata na maskini wanapata.

Mbona basi kijijini hatuwaoni? Tufanye hesabu kidogo, maana hesabu tulijifunza pamoja na kusoma.

Mtoto asiye na njia ya haja huzaliwa mmoja hivi katika kila watoto 5,000. Tuseme katika eneo lenu huzaliwa watoto 100 kwa mwaka. Gawa 5,000 kwa 100. Utapata 50. Maana yake ni kwamba kwa wastani atatokea mtoto mmoja katika miaka 50. Mkunga anaweza kuanza kazi akiwa msichana, akazeeka, akafa, asimwone hata mmoja. Na hata akimwona, hakumtarajia.

Sasa chukua nchi nzima. Tanzania huzaliwa watoto zaidi ya 2,000,000 kila mwaka. Gawa kwa 5,000. Utapata 400. Kwa hesabu hiyo, kila siku anazaliwa angalau mmoja mahali fulani katika nchi hii. Leo yupo, na kesho atakuwapo mwingine. Kwa kijiji kimoja ni ajabu, lakini kwa nchi nzima ni jambo la kila siku.

KASORO NYINGINE ZA NJIA HIYO

Kuziba kwa chini ni aina moja tu. Njia ni ndefu, inaweza kukosea popote.

Iko ya juu kabisa. Umio unakatika katikati, haufiki tumboni. Mara nyingi kipande cha chini kimeungana na bomba la hewa, mahali ambapo hapakuwa pake. Mtoto huyu ana mapovu mengi mdomoni na puani. Unayafuta, yanarudi. Ukimpa ziwa anapaliwa, anakohoa, midomo inabadilika rangi. Mate na maziwa yanaingia mapafuni badala ya tumboni. Huyu asinyonyeshwe, asipewe maji, asipewe kitu chochote. Afutwe mapovu, alazwe kichwa na kifua vikiwa juu kidogo, apelekwe hospitali. Hadi mwaka 1941 karibu kila mtoto mwenye kasoro hii alikufa, hata Ulaya na Marekani. Mwaka huo daktari Cameron Haight wa mji wa Ann Arbor, Marekani, aliunganisha umio wa mtoto wa kike kwa kumpasua mara moja, na mtoto akapona. Kwa hiyo hata wenzetu hawakuanza zamani sana.

Iko ya katikati. Utumbo umeziba au umejisokota. Alama yake ni yale matapishi ya kijani. Mtoto anaweza kuwa na tundu zuri la haja na bado akawa na kasoro hii.

Iko nyingine ambayo inadanganya watu. Tundu lipo, njia ipo, lakini choo hakitoki. Sababu ni kwamba utumbo hausukumi. Utumbo unasukuma uchafu kwa amri ya chembe ndogo za fahamu. Mtoto anapoumbwa, chembe hizo husafiri kutoka juu kwenda chini kufuata utumbo. Kwa watoto wengine safari inakomea njiani, na kipande cha mwisho kinabaki bila fahamu. Kipande hicho kinajikaza tu, hakisukumi. Daktari wa Denmark, Harald Hirschsprung, aliieleza kasoro hii mwaka 1886, na hadi leo madaktari wanaiita kwa jina lake. Mtoto huyu huchelewa kupata choo cha kwanza. Baadaye anapata kwa shida, mara moja kwa siku nyingi, tumbo kubwa, mwili haunenepi. Wengine hufika miaka mitatu au minne wakipewa dawa za minyoo na kupigwa bomba la sabuni. Ukimjua mtoto wa namna hiyo kijijini kwenu, aliyesumbuliwa na choo tangu siku aliyozaliwa, waambie wazazi wake wampeleke kwa daktari wa upasuaji. Bado hajachelewa.

Na iko ile isiyohitaji kutafutwa. Utumbo uko nje, umetokea kwenye tundu kando ya kitovu. Watu wanaogopa sana, wengine wanamfunika mtoto na kumweka pembeni wakidhani amekwisha. Hajaisha. Usijaribu kuurudisha ndani. Usipake kitu. Ufunike kwa plastiki laini iliyo safi ili usikauke, mfunike mtoto apate joto, muondoke mara hiyo hiyo.

KUMTAZAMA MTOTO

Mtoto akizaliwa, akishalia na kukaushwa, mfungue umtazame chini ya mwanga. Kama ni usiku, shika tochi au taa. Panua makalio taratibu. Tundu lipo? Usitie kidole, wala kijiti, wala kipimajoto, wala sindano. Macho yanatosha. Tumesikia habari za watu waliojaribu kutoboa wenyewe kwa wembe, wakidhani ni ngozi tu. Usifanye hivyo kabisa. Ngozi unaiona, lakini utumbo unaweza kuwa umeishia mbali ndani, na kati yake kuna mishipa na misuli ambayo mtoto ataihitaji maisha yake yote.

Kisha ngoja choo, na kikija angalia kimetokea wapi. Hili wengi hawalijui. Mtoto wa kike anaweza kukosa tundu lake, na choo kikatokea kwenye kitundu kidogo karibu na uke. Nepi inachafuka, mama anasema, "Mwanangu anapata choo." Anakaa hivyo miezi, mpaka choo kinapokuwa kigumu ndipo taabu inaanza. Wa kiume naye anaweza kutoa choo pamoja na mkojo, mkojo ukawa na rangi ya kijani.

Saa 24 zikipita bila choo cha kwanza, usiseme mchango. Nenda kituo cha afya. Ukifika, mfungue mtoto wewe mwenyewe mbele ya mhudumu. Usiogope kusema, "Naomba umtazame huku chini." Mhudumu amechoka, foleni ni ndefu, na pengine naye hajapata kumwona mtoto wa namna hii. Mama wa Rufiji alisema, "Ningejua, ningemvua nguo mtoto wangu palepale mezani."

Kama mtoto ana mapovu, au anatapika, au tumbo limevimba, asipewe kitu mdomoni. Lakini mtoto mchanga asiyekula anaishiwa nguvu upesi, kwa hiyo msifunge safari ya siku mbili moja kwa moja kutoka kijijini hadi mjini. Pitieni kituo cha karibu kwanza, atiwe dripu na apewe barua. Njiani mama ambebe kifuani, ngozi kwa ngozi, afunikwe. Baridi inaua watoto hawa hata katika joto la Pwani.

Usafiri je? Uko mpango unaoitwa M-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022. Ni wa akina mama wajawazito, waliojifungua, na watoto wachanga wasiozidi siku 28 wanapopata hatari. Simu yake ni 115, haina malipo. Andika namba hiyo ukutani kwa mkaa au kwa chaki. Simu ikiisha chaji na karatasi ikipotea, ukuta upo.

MATIBABU YANAKWENDAJE?

Watoto hawa hutibiwa katika hospitali kubwa za rufaa. Muhimbili ni moja. KCMC ya Moshi na Bugando ya Mwanza ni nyingine, na hizo mbili zote zilifunguliwa mwaka 1971. Anayetoka Sengerema hana haja ya kuja Dar es Salaam.

Kwa mtoto asiye na tundu, mara nyingi kazi inafanywa kwa awamu tatu. Kwanza madaktari wanautoa utumbo kwenye tumbo ili choo kipate njia. Ndicho kile kitundu chekundu tulichokiona Msimbazi. Mtoto anaanza kunyonya na kunenepa. Baada ya miezi kadhaa wanamtengenezea tundu la haja mahali pake halisi. Njia inayotumika sana leo ilianzishwa na daktari Alberto Peña wa Mexico mwaka 1980. Anapasua kwa nyuma, katikati barabara, ili aione misuli ya kuzuia choo na kuliweka tundu ndani ya misuli hiyo. Baada ya hapo mama anafundishwa kulipanua tundu jipya kila siku kwa vyuma laini vya mviringo, vinavyoongezwa unene kidogo kidogo. Asipofanya hivyo tundu linasinyaa. Mwisho, utumbo unarudishwa ndani na kitundu cha tumboni kinafungwa.

Hapa katikati ndipo penye mtihani, na hapa ndipo tunataka kukaa kidogo.

Kitundu cha tumboni hakina mlango. Choo kinatoka wakati wowote. Iko mifuko maalumu ya kubandika, lakini haipatikani kila mahali, na bei yake si ya mkulima. Ndiyo maana ya vile vitambaa. Mama anakunja kitambaa, anakiweka juu ya kitundu, anakifunga kwa kipande cha khanga kuzunguka tumbo. Kikichafuka anakibadilisha. Ngozi ya pembeni anaisafisha kwa maji, anaikausha, anaipaka mafuta mazito ili choo kisiichubue. Kitundu chenyewe hakiumi kikiguswa, na wekundu wake ni wa afya, kama wekundu wa ndani ya mdomo. Kikiwa cheusi, au utumbo ukitoka nje mwingi, hapo arudi hospitali siku ile ile.

Kazi hiyo ni ya kila siku, kwa miezi mingi. Nyumba ya shangazi ina vyumba sita, wapangaji sita, bomba moja na choo kimoja. Mpangaji mmoja alilalamika juu ya harufu. Akataka mgeni aondoke. Shangazi alimjibu, "Shoga, wewe choo chako unaficha chumba cha uani. Cha mtoto huyu kiko mbele. Tofauti ni hiyo tu." Tangu hapo, anasema, mpangaji yule ndiye anayemletea sabuni. Sisi tulimwona kwa macho yetu, alikuwa anamwita yule mtoto "mchumba wangu".

Wengine hawana shangazi Msimbazi. Wanapewa tarehe ya kurudi, hawarudi. Nauli hakuna, au wamechoka kusemwa, wanabaki kijijini na kitundu tumboni. Mtoto anakua, anafika umri wa shule, wenzake wanamkimbia. Kama yuko mtoto kama huyo kijijini kwenu, jueni kwamba matibabu yake yamefika katikati tu, na hospitali inaweza kuyamaliza. Hospitali kubwa za serikali zina ofisi ya ustawi wa jamii. Asiye na uwezo aende huko aeleze hali yake, akiwa na barua ya serikali ya kijiji. Akitoroka na mtoto anampoteza mtoto, na barua inaandikwa kwa dakika kumi.

WATOTO WANGAPI WANAPONA?

Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi mkubwa juu ya kasoro saba za namna hii. Madaktari wa hospitali 264 katika nchi 74 waliandika habari za watoto 3,849. Katika nchi tajiri, kati ya watoto 100 walikufa wasiofika 6. Katika nchi za kipato cha kati walikufa 20. Katika nchi maskini walikufa karibu 40. Kwa wale ambao utumbo umetokea nje kando ya kitovu, tofauti ilitisha zaidi: nchi tajiri walikufa kama 1 au 2 katika 100, nchi maskini 90.

Watoto ni wale wale na kasoro ni zile zile. Wenzetu wana mashine, wana wauguzi wengi, wana mabingwa wengi. Hayo hatuwezi kuyajenga kijijini kwa msaragambo. Lakini kwao kasoro nyingi zinaonekana mama akiwa bado mjamzito, au siku hiyo hiyo mtoto anapozaliwa. Kwetu mtoto anafika siku ya tano, amechoka, ana baridi, damu imeshaingia sumu. Daktari bora kuliko wote akipokea mtoto wa namna hiyo, kazi yake imeshakuwa ngumu kabla hajashika kisu. Siku tano zile hazikupotelea Muhimbili. Zilipotelea nyumbani na njiani.

TULIPORUDI MSIMBAZI

Kabla hatujaondoka siku ile, mama alitoa kadi ya mtoto ndani ya mfuko wa nailoni. Alitusomea mwenyewe, kidole kikifuata maandishi: tarehe ya kurudi, chumba cha kwenda, asinyonye tangu saa ngapi. Alisoma polepole, lakini hakukosea. Kisomo alikipata katika darasa la watu wazima kijijini kwao, jioni, chini ya mwembe. Alisema siku ya kwanza hospitalini aliona aibu kuuliza mlango, kwa hiyo akasoma vibao mpaka akafika.

Tulirudi Kariakoo miezi mingi baadaye, kwa shughuli zile zile za karatasi. Shangazi yupo, vitumbua vipo. Mama na mtoto walikuwa wameshakwenda Rufiji. Mtoto alifanyiwa awamu ya pili na ya tatu. Kitundu cha tumboni kimefungwa, limebaki kovu. Choo anapata chini, mara nyingi kwa siku, na mama bado anamfundisha kukaa kwenye kopo kila baada ya kula, maana watoto hawa huchelewa kujizuia. Baba yake alikuja mwenyewe kuwachukua. Shangazi anasema alikaa barazani saa nzima bila kusema neno, halafu akaomba aonyeshwe jinsi ya kumsafisha mtoto.

Vile vitambaa shangazi amevifua na kuvikunja. Ameviweka kwenye sanduku, kwa sababu juzi amepigiwa simu na mtu wa Kibiti ambaye hamjui. Mtu huyo ana mtoto wa wiki mbili wodini Muhimbili, na amesikia kwamba Msimbazi kuna mama anayejua mambo hayo.